Ploti Yako Nyumbani na Ile Miaka 12

Ndugu yangu uliye Doha, Leeds au Minneapolis, siku utakapopata ujumbe wa WhatsApp kwamba "kuna jamaa amejenga kibanda cha mabati kwenye ploti yako, lakini usijali, tutaongea naye," iandike tarehe hiyo mahali pasipopotea. Sheria imeshaanza kuhesabu, na kuwa kwako ng'ambo hakuisimamishi hesabu.

Kwa Kenya, Sura ya 22 ya sheria za nchi, ile inayoweka ukomo wa muda wa kufungua madai, inakupa miaka 12 kudai ardhi yako. Ikipita, na huyo aliyeivamia amekaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yako, anaweza kwenda mahakamani aandikishwe kuwa mwenyewe. Hatimiliki uliyoifungia sandukuni haimzuii. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa kule Malindi iliulizwa kama jambo hili linavunja Katiba inayolinda mali ya mtu. Ikajibu halivunji. Tanzania nayo muda wa kudai ardhi ni miaka 12.

Linaloniuma ni kuona watu wakituma barua ya wakili kisha wakalala. Barua peke yake haikatizi hesabu. Inayokatiza ni kesi iliyofunguliwa, au wewe kurudi ukaishika ardhi kwa vitendo.

Kinga iliyo rahisi zaidi ni ruhusa. Anayekaa kwa ruhusa yako, miaka hiyo haimhesabikii. Kwa hiyo hata binamu anayekulindia, mwandikie: "Nimemruhusu fulani alime mahindi kwenye ploti namba fulani kuanzia leo, nikimtaka aondoke, ataondoka." Mtie sahihi nyote wawili, na shahidi. Msione haya kwa sababu ni damu moja. Kesi nyingi za ardhi ni za damu moja. Kama anakulipa kodi ya pango, hifadhi kila ujumbe wa M-Pesa.

Kwa deni la mkataba, Kenya na Tanzania zote zinakupa miaka 6. Mdeni akikiri kwa maandishi na kutia sahihi, au akilipa hata sehemu kabla muda haujaisha, miaka 6 inaanza upya. Madai ya kuumia ajalini ni miaka 3. Ya kuchafuliwa jina, kwa Kenya, ni mwaka 1 tu.

Na kama aliyekuuzia alikuficha ukweli kwa ulaghai, Kenya huhesabu tangu ulipougundua, au ulipopaswa kuugundua kama ungefuatilia. Utaulizwa ulijua lini. Usiufute ule ujumbe wa kwanza.