Kumfundisha mtoto kuswali nyumbani: macho kwanza, ulimi baadaye

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wengi wetu huanzia mwisho. Mtoto akifika miaka saba tunaikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Abu Dawud, "Waamrisheni watoto wenu kuswali wakiwa na miaka saba," na siku hiyohiyo mtoto anaamrishwa jambo ambalo hajawahi kukaa karibu nalo. Hadithi hiyohiyo haitaji ukali mpaka afike miaka kumi. Hebu pigeni hesabu: kutoka saba mpaka kumi ni miaka mitatu, na kila siku swala tano. Ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa wema. Sijui amali nyingine ambayo tumepewa muda mrefu hivyo wa kuifundisha, na sisi tunataka imalizike kwa mwezi mmoja.

Mimi ni mama, na nasomesha watoto wadogo madrasa. Ninayoyaandika hapa nimeyafanya nyumbani kwangu, mengine baada ya kukosea.

Hatua ya 1: Akuone (miaka 2 mpaka 4)

Hapa hufundishi kitu. Unaswali mahali anapokuona, basi. Ukijifungia chumbani kila swala ili upate utulivu, anachojua mtoto ni kwamba mama hupotea mara tano kwa siku. Kama faradhi unaiswali msikitini, suna ziswali nyumbani mbele yake, ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyohimiza, akakataza tusizifanye nyumba zetu makaburi.

Mtandikie mswala wake mdogo pembeni yako. Ataulalia, atasujudu kabla yako, atageukia kinyume cha kibla. Mwache. Umri huu ukimsahihisha, unamfundisha kuwa mswala ni mahali pa kukaripiwa.

Hatua ya 2: Maji (miaka 4 mpaka 5)

Watoto wanapenda maji, kwa hiyo udhu ndio mlango mwepesi kuliko yote. Anza na mambo manne yaliyotajwa katika Suratul Maida aya ya 6: kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa, kuosha miguu mpaka kwenye vifundo. Hayo manne yamkae kwa mpangilio wake. Yakishamkaa, ongeza Bismillahi, viganja, kusukutua, kupandisha maji puani, na masikio.

Usimwache chini ya bomba, hatatoka. Mpimie maji kwenye chombo kidogo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, yaani kama yanayojaa viganja viwili vya mtu mzima vilivyounganishwa. Mwambie hivyo, kisha mtazame anavyojitahidi yamtoshe. Angalia visigino, ndivyo husahaulika kila mara.

Hatua ya 3: Maneno (miaka 5 mpaka 6)

Anza na "Allahu Akbar" peke yake, aende nayo swala nzima: anainama nayo, anainuka nayo, anasujudu nayo. Baada ya hapo ya rukuu, "Subhana Rabbiyal Adhim," na ya sijda, "Subhana Rabbiyal A'la." Alhamdu ina aya saba, ukimpa aya moja kwa wiki, haifiki miezi miwili ameimaliza. Zoezi lifanyike nje ya swala, mkiwa mnatembea au kabla ya kulala.

Na mwambie maana kwa Kiswahili chepesi. Akijua kwamba "Ihdinas siratal mustaqim" ni kumwomba Mwenyezi Mungu atuongoze njia iliyonyooka, ataisema akiwa anaomba kweli. Tahiyatu, ile inayosomwa katika kikao, ni ndefu, usiikimbilie. Hata akifika saba hajaishika yote, haijaharibika kitu.

Hatua ya 4: Magharibi kwanza

Chagueni swala moja. Mimi nachagua Magharibi: watu wengi wako nyumbani, ni rakaa tatu tu, na mbili za mwanzo zinasomwa kwa sauti. Adhuhuri mtoto anasimama kwenye ukimya mtupu, hasikii kisomo hata kimoja. Magharibi anamsikia anayeswalisha na anafuata. Mpe na kazi: atandike miswala, aite watu. Mtoto mwenye kazi katika swala huja kabla hajaitwa.

Magharibi ikizoeleka, ongezeni Isha, kisha Alasiri, kisha Adhuhuri. Alfajiri iwe ya mwisho.

Hatua ya 5: Miaka saba

Sasa anaamrishwa swala zote. Hapa ndipo nilipokosea kwa mwanangu wa kwanza, na nawaomba mnisikilize. Kila siku nilikuwa namuuliza, "Umeswali?" Akajifunza kujibu "Nimeshaswali" huku miguu yake mikavu. Sikumfundisha swala, nilimfundisha uongo. Nilipoacha swali hilo nikawa nasema "Njoo tuswali," uongo ulikwisha, kwa sababu haukuwa na pa kukaa. Katika Suratu Taha aya ya 132 Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake awaamrishe watu wake swala, na papo hapo anamwambia na yeye adumu juu yake.

Na msiiache dua ya Nabii Ibrahim, Suratu Ibrahim aya ya 40. Anajiombea yeye kwanza awe mwenye kushika swala, halafu dhuria yake, yaani kizazi chake.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mwanangu wa miaka mitatu nikisujudu ananipanda mgongoni. Swala yangu inaharibika?

Jibu: Haiharibiki, dada yangu. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anamnyanyua. Na siku moja alirefusha sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea. Alipomaliza akasema mjukuu wake alimpanda mgongoni, hakupenda kumharakisha. Hadithi hiyo ameipokea Nasai. Tulia, atashuka.

Swali: Siku zangu za hedhi binti yangu wa miaka mitano ananiuliza mbona siswali. Nimjibu nini? Naona haya.

Jibu: Usimdanganye kwamba umeshaswali. Mwambie Mwenyezi Mungu amewapumzisha wanawake wakubwa siku chache kila mwezi, na akikua utamweleza zaidi. Kwa umri wake inatosha. Wakati wa swala ukifika kaa karibu na mswala wake, vuta uradi, mwongoze yeye. Asione kwamba siku hizo nyumba nzima imesahau wakati.

Swali: Wangu ana miaka minane, Alfajiri haamki kabisa. Nimwamshe kwa nguvu?

Jibu: Mwanzo wa Alfajiri ni usiku. Akilala mapema baada ya Isha, nusu ya kazi imekwisha. Mwamshe kwa kumpapasa mgongo na jina lake, mpe dakika chache. Siku akishindwa, aswali mara anapoamka, kabla ya jambo lingine lolote. Kalamu haijaanza kumwandikia dhambi mpaka abaleghe. Wewe unajenga mazoea.

Swali: Na huyo wa miaka kumi anayekataa? Hadithi imetaja kupiga.

Jibu: Imetaja, na siwezi kuificha. Lakini tazama imekuja baada ya nini: miaka mitatu ya kuita. Wanazuoni wameliwekea mipaka: lisiwe pigo la kuumiza, lisiguse uso, lisiwe la hasira. Na Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Mimi ninavyoona, anayeuliza kuhusu fimbo ajiulize kwanza kama ile miaka mitatu aliifanya. Kama hukuifanya, ianze leo, ingawa mtoto ana kumi.

Swali: Baba yao haswali. Mimi mwenyewe nafundisha, lakini mkubwa ameanza kusema "Mbona baba?"

Jibu: Pole sana, ukhti. Usimseme baba yao mbele yao, na usimtafutie uongo. Mwambie mtoto, "Tumwombee baba," na muombe kweli, kwa sauti, baada ya Magharibi. Kisha mwache mtoto mwenyewe aende kumwita baba yake, kwa adabu, kila jioni: "Baba, tunaanza." Atandikiwe mswala wake safu ya mbele hata kama haji, uwe unamsubiri.