Kununua gitaa lililotumika kwenye mnada wa intaneti: somo kwa wapigaji wa Lubumbashi

Mwaka juzi nilishinda mnada wa Gibson iliyotumika huko Ulaya. Ndugu yangu wa Brussels alilipokea boksi, likakaa kwake miezi miwili bila kufunguliwa, likingoja msafiri. Lilipofika kwangu Kamalondo nilipitisha kidole nyuma ya shingo nikagusa mstari. Kichwa kiliwahi kuvunjika, kikagundishwa, kikapakwa rangi juu yake. Picha za muuzaji zote zilikuwa za mbele, na mimi sikuomba nyingine. Iliniuma sana, kwa sababu pesa ile niliichanga mwaka mzima. Sasa wenzangu wa bendi na wa kwaya wakitaka kununua, tunafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: piga hesabu ya bei ya mlangoni

Ongeza usafiri wa kwanza, ndege na duane (ushuru wa forodha). Mizigo ya ndege huhesabiwa pia kwa ukubwa wa boksi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Boksi la 115 × 45 × 15 linahesabiwa karibu kilo 13, hata kama gitaa lina kilo 4 tu. Muulize wakala wa mizigo bei ya kilo moja hadi Luano, uwanja wetu wa ndege, kabla hujagusa mnada. Na kama anayekupokelea yuko Ubelgiji, jihadhari na wauzaji wa Uingereza: tangu 2021 mzigo wao ukiingia Ubelgiji unatozwa TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 21%. Toa vyote hivyo kwenye pesa uliyo nayo. Kinachobaki ndicho dau lako la mwisho. Kiandike kwenye karatasi.

Hatua ya 2: omba picha za shingo

Hapa usiwe na haraka. Mwandikie muuzaji kwa heshima, umwombe picha ya nyuma ya kichwa, mwanga ukitoka pembeni ili ufa au rangi mpya ionekane. Kwa Gibson hili ni la lazima. Kichwa chake kimeinama nyuma, mara nyingi kwa digrii 17, shingo ni ya mahogani, na hapo hapo penye wembamba imechimbwa nafasi ya kukazia chuma cha ndani. Gitaa likianguka chali, panavunjika hapo. Fender, yenye kichwa kisichoinama na shingo ya mti wa mepo (maple), huvunjika hivyo mara chache zaidi.

Picha ya pili ichukuliwe kutoka kichwani kuelekea daraja, jinsi seremala anavyochungulia ubao kama umenyooka. Ya tatu: aweke sarafu ya euro 1 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo), chini ya uzi mnene. Unene wake ni milimita 2.33. Kwa gitaa la umeme isipite kwa urahisi. Kwa gitaa kavu inaweza kupita ikigusa kidogo. Ikipita na nafasi kubwa kubaki, na mfupa wa daraja tayari umeshushwa, shingo imehama, na kuirudisha ni kazi ghali.

Aonyeshe pia freti tatu za kwanza. Sisi tunaopiga kwa kidole gumba na cha shahada, kama wazee wa Katanga, tunaishi hapo.

Kuhusu Gibson bandia, tazama kifuniko kidogo cha kichwani: cha kweli kina skrubu mbili, na nyingi za bandia zina tatu. Namba ya nyuma isomeke pia. Zile za tarakimu nane, zilizoanza 1977, kwa kawaida hubeba mwaka kwenye tarakimu ya kwanza na ya tano, na siku ya mwaka katikati yake: 90455512 ni siku ya 45 ya 1995. Namba huigwa, kwa hiyo itumie kumkamata anayetaja mwaka usiolingana nayo.

Asiyetaka kutuma picha, mwache.

Hatua ya 3: weka dau mara moja

Kwenye eBay unaandika kiwango chako cha juu, na mtambo unakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Ukiandika 250 na mwenzako akaishia 180, utalipa kidogo juu ya 180. Basi andika kile cha karatasi, karibu na mwisho, usirudi. Angalia saa: mnada unaofungwa saa 12 jioni Kalifonia wakati wa joto lao, kwetu ni saa 9 usiku.

Hatua ya 4: lifunguliwe huko huko

eBay inatoa siku 30 za kulalamika baada ya mzigo kufika, na ulinzi huo hauendelei ukishautuma kwingine. Ndugu alifungue siku hiyo hiyo, mkiwa kwenye video. Kabla ya kulirudisha kwenye boksi alegeze nyuzi kidogo na ajaze nguo laini chini ya kichwa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Katuba: Yaya, muuzaji ananiambia nimlipe kwa PayPal kama rafiki, atapunguza euro 40. Nikubali?*

Hapana, mdogo wangu. Malipo ya rafiki hayana ulinzi wa mnunuzi. Lipa ndani ya mnada.

*Kutoka Likasi: Nimeona gitaa la zamani la palisanda ya Brazili. Je, kuna shida?*

Ipo. Mti huo umo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na bila vibali gitaa linaweza kukamatwa mpakani. Mimi ningeliacha.

*Kutoka Ruashi: Mtoto wangu ana miaka 11, anataka kujifunza. Nimtafutie mnadani?*

Mama, usihangaike na mnada. Mnunulie gitaa kavu hapa mjini, alishike mwenyewe kwanza, na mpeleke na mpigaji mmoja wa kanisani kwenu.

*Kutoka Kampemba: Langu lilifika Julai likiwa zima. Wiki mbili baadaye ufa umetokea kifuani. Nimlaumu muuzaji?*

Hapana, yaya, ni hewa yetu ya kiangazi. Mbao zimekauka ghafla. Toboa kisanduku cha sabuni, weka sponji yenye unyevu isiyodondosha maji, kifunge pamoja na gitaa kwenye kesi yake, na uloweshe tena kila ikikauka mpaka mvua za Novemba. Ufa usiugundishe mwenyewe. Mpelekee fundi baada ya mbao kurudia unyevu wake, maana huenda ukajifunga wenyewe.