Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Eneobunge: Mfano wa Lang'ata na Kibra

Anayetaka kuandika historia ya uchaguzi ya eneobunge lolote la Nairobi na aanze na mipaka, wala si orodha ya wabunge, kwa sababu jina laweza kubaki lilelile ilhali wapiga kura wamehamishiwa kwingine. Raila Odinga aliwakilisha Lang'ata tangu 1992 hadi 2013. Lakini mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipoongeza maeneobunge ya nchi kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka 8 hadi 17, Kibra ilimegwa kutoka Lang'ata. Kulinganisha kura za Lang'ata za 2007 na za 2013 moja kwa moja, basi, ni kumpotosha msomaji.

Soma agizo la mipaka la 2012, kisha uandike wadi moja moja: Kibra ina Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Ndipo utafute matokeo, zikiwemo chaguzi ndogo, ambazo husahaulika mno. Huko Kibra, Imran Okoth alichaguliwa Novemba 2019 kufuatia kifo cha mbunge Ken Okoth. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, kwa hiyo taja daima mwaka wa ramani uliyoitumia.