Kupandisha PEEP kwa mgonjwa wa ARDS: usitazame kidole peke yake

Juzi saa nane usiku daktari kijana aliyekuwa zamu alinipigia simu. "Shikamoo, dokta. Mama huyu oksijeni ya damu imegoma kwenye 86 na nimeshaweka ventileta asilimia 100. Nipandishe PEEP hadi ngapi?" PEEP ni presha ambayo ventileta inaiacha kwenye mapafu mwishoni mwa kutoa pumzi; na mama huyu alikuwa na ARDS, yaani mapafu yaliyoharibika ghafla na kujaa maji hadi oksijeni haipiti vizuri. Nikisema "kidole" nina maana ya kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Naandika tulichofanya kwa ajili ya wenzangu wenye ventileta lakini wasio na bingwa wa ICU karibu. Nachukulia kwamba tyubu iko mahali pake, mgonjwa amelala vizuri kwa dawa, na umeshasikiliza mapafu yote mawili.

1. Pima urefu, achana na mizani

Kiasi cha hewa kwa kila pumzi hukokotolewa kwa urefu: mtu akinenepa, mapafu yake hayanenepi. Mama huyu alikuwa na kilo 92, na aliyempokea alimwekea mililita 500 kwa kila pumzi. Chukua futi ya fundi cherehani, mpime akiwa chali, utosini hadi kisiginoni. Kwa mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4). Kwa mwanaume anza na 50 badala ya 45.5. Yeye alikuwa na sentimita 158, kwa hiyo uzito wa kukokotolea ni kilo 50.6. Zidisha kwa mililita 6, unapata kama 300.

Tofauti hii ni ya uhai. Utafiti wa ARDSNet wa mwaka 2000, wagonjwa 861, ulionyesha vifo asilimia 31 kwa waliopewa mililita 6 kwa kilo na karibu 40 kwa waliopewa 12. Ukishapunguza ujazo, ongeza idadi ya pumzi, mwisho 35 kwa dakika.

2. Lengo la oksijeni

Kidole kisome 88 hadi 95. Usikimbilie 100.

3. PEEP yenyewe

Hapa ndipo nilipopotea miaka ya mwanzo. Nilikuwa napandisha PEEP, naona kidole kinasoma vizuri, nafurahi, halafu presha ya damu inaporomoka na usiku mzima naongeza noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) bila kuelewa kwamba chanzo ni mkono wangu. PEEP hufungua vifuko vya hewa vilivyosinyaa, lakini pia hubana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na vifuko vilivyokuwa wazi tayari huvimba kupita kiasi. Kidole hakikuambii hayo.

Kwa hiyo kila unapopandisha, pima plato, yaani presha ya mapafu hewa ikiwa imesimama ndani. Bonyeza kitufe cha kusimamisha pumzi mwishoni mwa kuvuta hewa, soma namba, kisha toa PEEP. Jibu ndilo presha inayosukuma mapafu. Plato isizidi sentimita 30 za maji, na tofauti hiyo ibaki chini ya 15. Mgonjwa akivuta pumzi mwenyewe wakati umebonyeza, namba hiyo ni ya uongo; mwongezee dawa ya usingizi, au mpe dawa ya kulegeza misuli, urudie. Mimi hapa hutumia mpangilio wa ujazo, siyo wa presha, kwa sababu ujazo haubadiliki na plato nailinganisha moja kwa moja.

Panda 2, subiri dakika 10 hadi 15, andika. Za mama huyu zilikuwa hivi:

PEEP 8, plato 24, tofauti 16, presha ya damu 112/70.
PEEP 10, plato 25, tofauti 15, presha ya damu 110/68.
PEEP 12, plato 26, tofauti 14, presha ya damu 106/66.
PEEP 14, plato 31, tofauti 17, presha ya damu 84/50.

Kwenye 14 kidole kilisoma 94, bora kuliko kote, na kijana akataka kubaki hapo. Nikamwambia, mdogo wangu, rudi 12. Presha ikapanda yenyewe, na taratibu tukashusha oksijeni hadi asilimia 70, kidole kikiwa 91.

Presha ikianguka hata kwenye PEEP ndogo, angalia kwanza kama amepungukiwa maji, na kama upande mmoja wa kifua umeacha kuingiza hewa. Pumzi zikiwa nyingi, tazama mchoro wa hewa inayotoka: kama haufiki sifuri kabla ya pumzi inayofuata, kuna PEEP iliyojificha juu ya ile uliyoweka. Punguza idadi ya pumzi.

Ule mtindo wa kupuliza presha kubwa ghafla ili "kufungua mapafu" siutumii. Utafiti wa ART wa 2017 ulikuta vifo vimeongezeka.

4. Ukibadilisha filta au mashine

Bana tyubu kwanza kwa koleo lililozungushiwa shashi, pumzi ikiwa ndani. Ukiiacha wazi hata kidogo, kazi ya saa nzima inasinyaa. Tyubu yenye waya ndani usiibane, haitarudi umbo lake.

5. Mlaze kifudifudi mapema

Chukua PaO2 (presha ya oksijeni kwenye damu ya ateri, kwa mmHg), gawanya kwa kiwango cha oksijeni (asilimia 70 ni 0.7). Ikiwa chini ya 150 na bado anahitaji asilimia 60 au zaidi, mgeuze, angalau saa 16 mfululizo. Utafiti wa PROSEVA, 2013: vifo ndani ya siku 28 vilitoka asilimia 32.8 hadi 16. Kinachohitajika ni mito na watu watano. Mmoja anakaa kichwani, ameshika tyubu kwa mikono miwili, na yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu.