Somo: Vipande vya vikwembe viwe kazi yako ya pili

Nimefundisha shule ya msingi hapa Bukavu miaka 27. Muda wote huo watoto wa jirani waliniletea vipande vya vikwembe, yaani vitenge, kutoka kwa mafundi wa kushona wa Kadutu, wakijua mama mwalimu hatupi kitambaa. Sasa nimestaafu, na mifarishi ya viraka, matandiko mazito ya kitanda, ndiyo inanilisha. Wengi mmeniuliza nilianzaje.

1. Kusanya kwa fundi. Anayeshona magauni ya harusi anafagia vipande kila jioni. Mwachie gunia Jumatatu, ulifuate Jumamosi. Chukua pamba tu. Una shaka? Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, nailoni huyeyuka ikawa tone gumu.

2. Fua kabla ya kukata. Mfarishi wangu wa kwanza wa kuuza nilichanganya nyekundu mpya na nyeupe, bila kufua. Mteja aliufua mara moja tu, akanirudishia umekuwa waridi mzima, nami nikarudisha pesa yote. Tangu siku ile kitambaa chekundu hakitoki kwenye beseni mpaka maji yabaki meupe.

3. Kata sentimita 12 kwa 12. Mshono unakula 1 kila upande, inabaki 10. Safu 22 za vipande 18 ni vipande 396, vinatosha kitanda cha sentimita 160 na kuning'inia kidogo. Kigezo cha kupimia vipande kisiwe cha kartoni: mkasi unakilamba, na ukifika kipande cha mia kimeshapungua, pembe hazikutani tena. Changu alinikatia seremala, ubao mwembamba.

4. Unganisha tabaka tatu. Chini shuka, katikati blanketi jepesi la mitumba, juu viraka. Tandika sakafuni, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mkunjo unakimbilia katikati na hautoki. Halafu shona mistari kupita tabaka zote, kunga ukingo, fumua bandi.

5. Bei. Hapa ndipo tunajidhulumu. Kwa miezi mingi niliuza mfarishi kwa bei ya vikwembe viwili, nikiona ni faida kwa sababu vipande ni vya bure. Siku moja niliandika saa zangu kwenye daftari la shule: 61, kwa mfarishi mmoja. Gawanya mwenyewe. Mteja ataniambia, "Lakini mama, vipande si uliokota?" Ndiyo, ila macho yangu sikuyaokota. Siku hizi daftari liko mezani anapokuja kuuliza bei, na nusu ya pesa inalipwa kabla sijakata.

Maswali

– Mama mwalimu, kwetu Panzi kuranti inakatika kila siku. Ninunue mashini gani?
Ya miguu, mwanangu. Na pasi ya makala, ila kung'uta majivu kwanza. Cheche moja inatoboa kazi ya wiki.

– Yaya, niache kazi ya ofisi nianze?
Hapana! Mimi niliuza mifarishi miaka 4 nikiwa bado nashika chaki. Ngoja uwe na oda za miezi mitatu mbele.

– Mume wangu anasema viraka ni vya maskini, hakuna atakayenunua.
Usimbishie, dada. Mtandikie mmoja msimu wa mvua, baridi ya ziwa ikipanda. Wangu alisema hivyohivyo. Mwaka jana nilipata mteja wa ule wa chumbani kwetu, mwenye pesa mkononi, na mzee akakataa kuinuka kitandani.