Taa ya injini imewaka na gari ni ya kabureta, usikimbilie kompyuta

Yakhe kitu cha mwanzo, usikubali kulipia kupimiwa gari kwa kompyuta ikiwa gari yako ni ya kabureta (kile chombo cha zamani kinachochanganya hewa na petroli kabla haijaingia kwenye injini). Zile skana wanazotembea nazo mafundi sasahivi zinachomekwa kwenye soketi ya pini 16, na mfumo huo Marekani waliulazimisha kwa gari za kuanzia 1996, gari ya kabureta soketi hiyo haina kwa hivyo mtu akikwambia lete nikupimie kwa mashine jua pesa yako inaondoka bure. Kazi hii ni macho, masikio, na mita ya umeme ya bei rahisi tu.

Halafu hakikisha taa yenyewe ni ipi maana watu wengi wanasema "taa ya injini" kwa taa yoyote iliyowaka. Nyekundu yenye kidumu kinachodondosha ni presha ya oili, hiyo zima injini hapo hapo hata kama upo katikati ya njia ya Bububu na daladala zinakupigia honi. Nyekundu ya betri ni chaji. Chek injini yenyewe ni ya chungwa au manjano, ina picha ya injini au imeandikwa CHECK ENGINE, na kusema kweli gari nyingi za kabureta hazina taa hiyo kabisa, wanayo zile tu ambazo kabureta yake inasaidiwa na kompyuta ndogo, kama General Motors walivofanya kwenye gari zao za 1981 pale sheria za moshi zilipowabana.

Huku kwetu Zanzibar gari zimetoka Japani na kuna taa yao moja inawachanganya watu kweli, ina maandishi matatu 排気温. Hiyo si chek injini, inakwambia egzosi pale kwenye masega (kile kichujio cha moshi) imepata moto kupita kiasi, na sababu yake mara nyingi ni plagi moja haichomi, petroli inapita mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega. Ikiwaka ukiwa njiani punguza mwendo, usiegeshe juu ya majani makavu, kisha ushughulikie plagi. Ila kama masega yalishakatwa zamani, na gari nyingi za mjini zimekatwa, basi chungulia chini utaikuta waya ya sensa yake inaning'inia au imekatika, na huenda taa inawaka kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuseme umehakikisha ni chek injini. Washa swichi bila kupiga staa, taa lazma iwake, ukipiga staa izimike. Ikiwa haiwaki kabisa kwenye swichi usifurahi, ama balbu imeungua ama kuna mtu kaitoa ili auze gari, na kwenye gari ya mkononi mie hili ndo naliangalia kabla hata sijafungua boneti.

Kompyuta ya gari hizi inajua mambo machache. Inapokea habari kutoka kwenye sensa (vipimo vya umeme), ya oksijeni iliyofungwa kwenye egzosi, sensa ya joto la maji, na kwenye gari nyengine swichi ya kabureta pale unapokanyaga mafuta. Inachotaka ni mchanganyiko ukae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, ikiona imejaribu kurekebisha na haiwezi, au habari ya sensa haifiki, ndo inawasha taa. Kwa hivyo unatafuta kitu kimoja katika vitatu: hewa inaingia pasipotakiwa, mafuta yanazidi, au waya haupitishi.

Anza na hewa maana ndo ugonjwa mkubwa wa gari hizi. Fungua boneti utaona vimpira vyembamba vya vakyumu (vinavopitisha mvuto wa hewa wa injini) vinakwenda huku na huku, gari imekaa miaka thelathini mpira umekuwa mgumu unapasuka ukiukunja. Pitia mmoja mmoja, ukunje kidogo, angalia zile ncha zinazoingia kwenye kabureta maana pale ndo panapochanika. Chini ya boneti gari nyingi za Kijapani zina stika yenye mchoro wa mipira yote inavokwenda, ipige picha na simu leo kabla haijafutika. Kisha washa injini ikae sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), chukua kipande cha mpira mrefu ncha moja tia sikioni na nyengine itembeze kwenye kitako cha kabureta na kwenye manifoldi, yale mabomba yanayopeleka mchanganyiko ndani ya injini (mbali na feni tafadhali), pahala panapovuja utasikia mvumo mkali. Ukitaka uhakika nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya nywele iliyokwisha, pahala palipopasuka ukinyunyizia sailensa inabadilika. Wapo wanaopuliza petroli kufanya kazi hiyo, mbele ya egzosi ya moto na waya za plagi, basi hapo sina la kusema. Na usisahau ile gasketi nene nyeusi iliyo baina ya kabureta na manifoldi, kwenye kirikuu (zile pikapu ndogo) inapata moto muda wote, inapasuka kimya kimya na mtu anabadilisha kabureta nzima.

Waya sasa. Visiwa vyetu hivi chumvi ipo hewani, kusi likivuma gari iliyolala Paje au Nungwi asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo ukilamba unapata chumvi, na zile kirikuu zinazobeba samaki na barafu kutoka Malindi hapa mjini ndo zaidi, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye chasisi na kwenye waya za chini kila siku. Chomoa konekta za sensa moja moja ukitafuta kutu ya kijani. Safisha kwa dawa ya kontakti na mswaki mkuukuu, acha ikauke, rudisha mpaka isikike imeshika. Halafu ardhi: ule waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na bodi. Weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye kichwa cha hasi ya betri na mwengine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige staa, ikizidi nusu volti basi waya huo au boliti zake zina kutu, na sensa yoyote utakayonunua itakuwa inasema uongo mpaka uitengeneze hiyo. Kama taa inakuja masika tu, au baada ya kupita dimbwi, huna haja ya kutafuta kwengine, ni waya au kifuniko cha distributa (kinachogawa moto kwenye plagi) kimeingia unyevu.

Mafuta yakizidi utajua kwa pua na kwa plagi. Toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wake: nyeusi ya masizi makavu mafuta yamezidi, nyeupe hewa imezidi, ya maji maji ya oili hiyo ni ringi au sili za valvu na taa haina kosa, rangi ya udongo ndo nzima. Zikiwa zote nyeusi angalia filta ya hewa, angalia choki (kile kifuniko kinachobana hewa injini ikiwa baridi) kama inafunguka injini ikipata moto (inakwama sana hii, kipande cha juu cha kabureta kibaki kimelala), halafu boya la kabureta, lile linalozuia petroli isijae.

Skrubu ya mchanganyiko usiiguse. Mafundi wetu ndo wanayoanza nayo, gari ikimisi kidogo bisibisi ishaingia, na baada ya hapo hujui tena ugonjwa wa gari na ugonjwa wa bisibisi.

Ukiona mipira mizima, waya safi, plagi zinachoma, hapo ndo upime sensa ya oksijeni. Haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi 300 hivi kwa hivyo zungusha gari kwanza, kwa Pemba panda mlima mmoja na urudi inatosha. Mita kwenye volti za DC, iguse waya ya ishara ya sensa bila kuichomoa, injini iwe kwenye resi ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Inatakiwa icheze baina ya 0.1 na 0.9 kama haitulii. Ikiganda chini, ziba mdomo wa kabureta kidogo kwa kitambaa (kishike vizuri kisivutwe ndani), namba ikipanda sensa ni nzima na hewa bado inavuja pahala, isipopanda sensa imekufa. Ikiganda juu chomoa kimpira kimoja cha vakyumu, inatakiwa ishuke.

Sensa ya joto la maji ipime ohmu, kwenye gari nyingi za Kijapani ikiwa baridi inatoa elfu mbili tatu hivi na injini ikipata moto inashuka mpaka mia mbili tatu. Ikikaa pale pale ni mbovu.

Gari nyengine zina njia ya kuifanya taa ihesabu kosa lenyewe kwa kuwaka na kuzima, unaunganisha pini mbili za soketi yake ya zamani (si ile ya pini 16) kwa kipande cha waya. Kwa zile GM (General Motors) za zamani ni pini A na B, inakuja 12 kwanza kuonesha mfumo mzima, 13 ni saketi ya sensa ya oksijeni, 44 hewa imezidi, 45 mafuta yamezidi. Ila usiunganishe pini kwa kubahatisha kwenye gari usiyoijua, utaunguza kompyuta na kuipata ya gari ya zamani hata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, utahangaika.

Ukifika kununua sensa, itoe ya zamani injini ikiwa na uvuguvugu uende nayo dukani. Hesabu waya, za kabureta nyingi ni za waya mmoja, na uzi ni wa milimita 18 kwa nyingi. Wakati wa kufunga usipake silikoni ya gasketi karibu yake, mvuke wake unaiua sensa mpya, mpe fundi habari hiyo mapema maana silikoni ndo dawa yao ya kila kitu. Kisha chomoa hasi ya betri dakika kumi ili kompyuta isahau kosa la zamani, rudisha, na uendeshe siku mbili tatu kabla hujasema taa imekwisha.