Somo: Kuchora na kutengeneza propela ya ubao wa foili wa umeme ukiwa Nairobi

Ubao wa foili wa umeme ni ubao wenye mlingoti chini yake na bawa (foili) linalobaki majini; mota ikisukuma, bawa hilo huunyanyua ubao juu ya maji. Naulizwa sana faili ya propela "nzuri" ya kuchapisha kwa printa ya 3D. Faili sitoi. Propela huwa nzuri kwa mota fulani, betri fulani, uzito wa mtu fulani na mwendo mmoja. Ile inayomnyanyua kijana wa kilo 60 kwa raha, ukiifunga kwenye ubao wako huenda ikakumalizia betri kabla ubao haujatoka majini. Kwa hiyo tushike kalamu. Hesabu zote za hapa zinafanyika kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Jua ubao unataka msukumo kiasi gani

Chukua mpandaji wa kilo 75, na ubao, betri na mlingoti vya kilo 30. Jumla kilo 105, yaani karibu nyutoni 1,030. Foili ya kawaida pamoja na mlingoti wake hukadiriwa kuinua mara 8 ya ukinzani wake, kwa hiyo propela inatakiwa kusukuma kama nyutoni 130. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa (mita 6.9 kwa sekunde) hiyo ni kama wati 900 zinazofika majini. Ongeza upotevu wa propela, mota na kontrola (kifaa kinachoendesha mota), betri itatoa karibu wati 1,700.

Hapo tayari uko juu unaelea. Kunyanyuka ndiko kazi, kwa sababu ubao bado unaburuta maji na nguvu inayotakiwa inaweza kufika mara mbili ya hiyo. Liweke hilo akilini, tutalirudia kwenye pichi.

Hatua ya 2: Pichi

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Maji si mbao, kwa hiyo kuna mtelezo. Anza na makadirio ya asilimia 20.

Tuseme una betri ya seli 12 mfululizo, volti 44, na mota ya KV 100, yaani mizunguko 100 kwa dakika kwa kila volti. Ikizunguka bure inafika mizunguko 4,400 kwa dakika. Ikibeba mzigo chukua asilimia 80 yake, yaani 3,500, ambayo ni mizunguko 58 kwa sekunde. Unataka mita 6.9 kwa sekunde baada ya mtelezo, kwa hiyo gawa kwa 0.8 upate 8.6. Gawa tena kwa 58, unapata mita 0.148. Pichi yako ni milimita 150.

Huo ndio mwendo wako ukifinya rimoti karibu na mwisho. Ukitaka mbio zaidi ongeza pichi, lakini utalipa wakati wa kunyanyuka: mota itazunguka polepole, itavuta ampea nyingi na itachemka. Kwa anayejifunza, ningekaa kwenye 150 au hata chini kidogo. Atakuwa ananyanyuka na kuanguka mara nyingi kuliko atakavyokuwa anakimbia.

Hatua ya 3: Kipenyo

Hapa watu huharibu kwa kudhani milimita chache si kitu. Kwa mizunguko ileile, nguvu inayoliwa na propela hupanda kwa kipeo cha 5 cha kipenyo. Kutoka milimita 140 hadi 154 ni nyongeza ya asilimia 10 tu, na nguvu inapanda kwa asilimia 61. Kwa mfano wetu 140 inatosha. Anza nayo, na ukiona ampea ziko juu punguza ncha kwa tupa milimita mbili mbili. Kupunguza kunawezekana, kuongeza hakuwezekani.

Kwa kipenyo hicho ncha za mapanga hukimbia kama mita 25 kwa sekunde. Mgongoni mwa panga shinikizo hushuka mpaka maji yanaweza kuchemka yakiwa baridi, na viputo vikipasuka vinakula msukumo na hata chuma. Hiyo ndiyo kavitesheni. Sisi wa bara tuiangalie zaidi: Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880, hewa inakandamiza maji kwa takriban kilopaskali 81, wakati Mombasa ni 101. Propela inayopiga kelele kidogo Naivasha inaweza kutulia kabisa Diani. Usiihukumu haraka.

Hatua ya 4: Mchoro

Mimi hutumia FreeCAD, programu ya kuchora, ni bure. Pembe ya panga katika kila nusu-kipenyo hutoka kwenye hesabu moja: tanjiti ya pembe ni pichi gawanya kwa 2π mara nusu-kipenyo. Kwa pichi ya 150, ukiwa milimita 20 kutoka katikati pembe ni digrii 50, kwenye 35 ni 34, kwenye 50 ni 25.5, na kwenye ncha, 70, ni 19. Chora mkato wa bawa kwenye kila kituo, uunganishe, na panga litajipinda lenyewe. Ukitaka kupima umbo kabla ya kuchapisha, programu ya JavaProp ya Martin Hepperle inakubali maji pamoja na hewa, na OpenProp iliandikwa kwa ajili ya propela za majini.

Shina la panga la plastiki lipe unene wa milimita 6 hivi, ncha milimita 2. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, wa nyuma mwembamba.

Hatua ya 5: Kuchapisha

Laza propela kitovu kikiwa chini, shafti ikielekea juu. Matabaka yatapita kwa urefu wa mapanga, na msukumo ukilikunja panga unavuta nyuzi zenyewe. Ukiisimamisha kwa ubavu, panga moja litajengwa tabaka juu ya tabaka kuelekea ncha, nalo litakatikia shinani siku ya kwanza. Jaza asilimia 100. Tumia nailoni yenye nyuzi za kaboni, na uikaushe filamenti kabla, kwa sababu nailoni hunywa unyevu wa hewa na huchapika na mapovu. PLA, plastiki ya kawaida ya kuchapishia, iachie kupima vipimo na kutengenezea kielelezo.

Mistari ya matabaka ifunike kwa epoksi, kisha msasa wa maji namba 400, halafu 800.

Hatua ya 6: Ukitaka ya alumini

Mafundi wa kusubu wako Kariobangi Light Industries na Gikomba. Peleka kielelezo cha PLA kilichong'arishwa, ila kikuze kwa asilimia 1.3 kwa kuwa alumini husinyaa ikipoa: 140 iwe kama 141.8. Hakikisha mapanga hayapishani ukiyatazama kutoka juu, la sivyo kielelezo hakitatoka kwenye kalibu bila kubomoa mchanga.

Mwangalie fundi anavyopima mchanga. Anaufinya kiganjani, anafungua vidole, kisha analivunja tonge hilo. Likikatika vipande viwili safi na alama za vidole zimebaki, unafaa. Likimwagika, ni mkavu. Fundi asiyefanya hivyo, mwombe kwa heshima afanye.

Chuma chenyewe kitoke kwenye pistoni na rimu za alumini, ambazo zina silikoni na hutiririka vizuri hadi kwenye ncha nyembamba. Sufuria kuukuu na mikebe ya soda hazijazi ncha.

Hatua ya 7: Mizani na majaribio

Pitisha shafti kwenye kitovu na uilaze juu ya nyembe mbili zilizosawazishwa. Panga linaloshuka ni zito. Lipunguze kwenye uso wake bapa, usiguse kingo.

Majaribio ya kwanza fanya ubao ukiwa umefungwa kwa kamba, ukisoma ampea. Bwawa la Nairobi lingekuwa karibu, lakini kwa miaka mingi limefunikwa na magugu na taka. Naivasha nenda na mtu wa boti anayejua viboko wanakaa wapi saa hiyo. Kamba ya kuzima mota iwe mguuni kila mara, na funga kinga kuzunguka propela wakati wa kujifunza. Hayo mapanga ni visu.

Maswali ya wanachama

Kilifi: Shukran mwalimu. Mapanga mawili au matatu?
Jibu: Mawili yana ufanisi kidogo zaidi na ni rahisi kusubu. Matatu yana mtikisiko mdogo, na kwa msukumo uleule unaweza kupunguza kipenyo. Kwa mota inayozunguka haraka bila giaboksi, mimi huchagua matatu.

Rongai: Kaka, mota yangu inachemka na spidi haizidi 18. Nibadilishe mota?
Jibu: Bado, ndugu. Soma mizunguko kwenye kontrola, zidisha kwa pichi, linganisha na spidi ya GPS. Mtelezo ukiwa chini ya asilimia 25 na mizunguko iko chini, pichi ni kubwa mno kwa mota hiyo. Mtelezo ukipita 40, propela inavuta hewa au ni ndogo mno. Tuma namba hizo hapa tuzione.

Kisumu: Huku gugumaji ni shida. Kuna umbo linaloshinda?
Jibu: Mapanga yaliyolala nyuma huteleza kwenye nyuzi chache, basi. Zulia la gugumaji hakuna propela ya ukubwa huu inayolikata. Upepo huyahamisha, kwa hiyo ingieni upande uliosafishwa na mkague kitovu kila mnapotoka.

Mtwapa: Ya alumini imetoboka vishimo karibu na shafti ya stenlesi ndani ya muda mfupi. Nimekosea wapi?
Jibu: Metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi hugeuka betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Weka bushi ya plastiki kati yao, funga kipande cha zinki, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka. Kwa matumizi ya baharini kila siku, nailoni haina tatizo hilo.

Diani: Propela yangu inapiga mluzi mkali kwenye mwendo fulani, ukizidisha unapotea. Mizani nimekagua, iko sawa.
Jibu: Huo ni ukingo wa nyuma. Ukiwa butu, maji yanaachana nao kwa vishindo, na panga linaitika. Chukua tupa, likate ukingo huo mshazari upande mmoja tu mpaka ubaki kama milimita moja, kuanzia katikati ya panga hadi karibu na ncha. Fanya mapanga yote sawasawa, kisha rudia mizani.